Maisha ya Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumait, na Habari ya Mtu Kuijua Nafsi Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mtu akampa jina na ukoo na nchi, kisha akamtaka amjue Mola wake kabla ya kujifakharisha kwa hayo. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, aliyezaliwa yatima katika Makka, akawa mbora wa viumbe wote. Na ziwafikie jamaa zake na masahaba zake na kila awafuataye kwa wema.

Ama baada ya hayo, hapana swali lililo jepesi ulimini na zito moyoni kama swali la mtu kuulizwa u nani. Mmoja hujibu kwa jina la baba yake. Wa pili kwa jina la mji wake. Wa tatu kwa kazi yake. Wa nne kwa kabila lake, nalo huenda amelipata jana. Na kila jibu lina ukweli wake, lakini kila jibu laweza kuondoka na mwenyewe akabaki. Mali hupotea, cheo huvuliwa, mji huhamwa, na ukoo hauingii na mtu kaburini. Bassi aliyeyajibu haya kwa maisha yake yote, wala si kwa maneno, ni Kadhi wa Unguja, Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Abdallah bin Sumait, Mwenyezi Mungu amrehemu. Na habari yake yafaa ijulikane na watu wa pwani, wazee kwa vijana.

Lakini kabla ya kuingia katika habari yake, na litazamwe jiwe la Kizimkazi. Katika upande wa kusini wa Unguja, pale Dimbani, upo msikiti mkongwe kupita yote inayojulikana kisiwani kwa tarehe yake. Ukuta wake wa kibla umechorwa maandishi ya Kikufi, nayo yataja mwaka 500 wa Hijra, ambao ni mwaka 1107 wa Miladi. Msikiti wenyewe ulijengwa upya baadaye, na maandishi mengine yaonyesha mwaka 1184, karibu na mwaka 1770 wa Miladi. Ila mihrabu na yale maandishi ya kale yamehifadhiwa. Watu wa mji husimulia habari za mfalme na za mwashi wake, na hadithi hizo ni zao. Jiwe lenyewe halisimulii. Lasema tu ya kwamba aliyeamuru kujengwa msikiti ni Sheikh Sayyid Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad. Jina lake, la baba yake, la babu yake, na kazi aliyoitenda. Haikutajwa nchi aliyotoka, wala kabila lake, wala ukubwa wa mali yake. Karne tisa zimepita, na ibada ingali ikisimama pale.

Na ajabu ya tarehe hiyo ni kuwa katika mwaka 500 Imam Ghazali alikuwa hai bado, kwani alifariki mwaka 505. Huyu ndiye aliyeacha darasa yake kubwa ya Baghdad katika mwaka 488, naye yu katika upeo wa cheo na sifa, akatoka kwenda Shamu na Makka kama mtu asiyejulikana, kwa kuwa aliona anajua mambo mengi wala hajijui mwenyewe. Kisha akatunga kitabu cha Kimiya ya Saada kwa lugha ya Kiajemi, na mlango wake wa kwanza akauweka katika kuijua nafsi, kabla ya mlango wa kumjua Mwenyezi Mungu. Na masharifu wa Hadhramaut wameshika vitabu vya Imam huyu kwa mikono miwili, wakavisomesha watoto wao kizazi baada ya kizazi. Katika malezi hayo ndimo alimokulia Sayyid Ahmad.

Alizaliwa Itsandra katika kisiwa cha Ngazija mwaka 1277 wa Hijra, ambao ni mwaka 1861. Baba yake, Sayyid Abu Bakr, alitoka Shibam ya Hadhramaut, mji wa nyumba ndefu za udongo ulio katika bonde. Ukoo wao ni katika masharifu wa Kialawi, ambao babu yao, Imam Ahmad bin Isa, aliitwa Muhajiri kwa sababu aliuhama mji wa Basra katika karne ya nne ya Hijra akaenda Hadhramaut. Kwa hivyo, ukoo huo hata jina la mzee wake ni jina la safari. Babu alikuwa mgeni Hadhramaut, mjukuu akawa mgeni Ngazija, na mwana wa mjukuu akaja kuwa mgeni Unguja. Mwenye kutaka kujijua kwa udongo wa nchi asingepata raha katika ukoo kama huu.

Tena Ngazija yenyewe ina ada yake. Katika kisiwa kile nyumba na sehemu ya ardhi hufuata upande wa mama, na mtu hutambulikana kwa tumbo alilotoka. Na masharifu, kwa upande wao, huhesabu kwa baba tu, baba baada ya baba, mpaka kwa Bibi Fatima na Sayyidna Ali. Bassi mtoto wa sharifu aliyezaliwa pale hukulia baina ya hesabu mbili: jirani zake humpima kwa hii, na wazee wake humpima kwa ile. Mwenye akili ndogo hufazaika, akachagua moja na kuitukana ya pili. Mwenye akili kubwa hujua tangu utotoni kuwa vipimo vya watu ni vingi, na kuwa kipimo cha Mwenyezi Mungu ni kimoja.

Alisoma kwanza kwa baba yake, kisha kwa Sayyid Abul Hasan bin Ahmad Jamalillail, mwanachuoni mkubwa wa Ngazija. Baba yake alifariki naye bado ni kijana, na maisha yakamtaka atafute riziki. Akaingia baharini. Alifanya biashara baina ya Ngazija, Unguja na Bukini, akajifunza unahodha hata akawa anaendesha chombo mwenyewe. Watu wengi wamjuao kwa vitabu vyake hawakumbuki kuwa mkono ule ulioandika fatwa ulishika kwanza usukani. Na bahari ni chuo. Nahodha hana faida ya kujua mahali anapokwenda ikiwa hajui mahali alipo. Na mahali alipo hapajui kwa kutazama jahazi lake, ila kwa kutazama nyota zilizo juu yake. Vivyo hivyo mtu asiyetazama ila nafsi yake hapati kujua yuko wapi.

Katika mwaka 1298 wa Hijra, naye ana umri wa miaka ishirini na kitu, alisafiri kwenda Hadhramaut. Nia ya safari hiyo yafahamika na kila aliyezaliwa ugenini: kwenda kuiona nchi ambayo jina lake amelisikia tangu alipokuwa mchanga, na kuyazuru makaburi ya wazee wake. Lakini ajuaye hali za huko ajua kuwa mtoto wa Mhadhrami aliyezaliwa nchi za nje huitwa muwalladi, na ulimi wake na rangi yake humshuhudia kabla hajasema jina lake. Pwani huitwa mgeni kwa sababu ya baba. Hadhramaut huitwa mgeni kwa sababu ya pwani. Wangapi walikwenda kuitafuta asili yao kwa namna hiyo, wakarudi na huzuni, au wakarudi na kiburi, wakawa hawafai huku wala kule!

Yeye alirudi na elimu. Aliwakuta wanavyuoni ambao zama zile zilijaliwa kuwa nao: Sayyid Aidarus bin Umar Al Habshi wa Ghurfa, Sayyid Ali bin Muhammad Al Habshi wa Seiyun, Sayyid Ahmad bin Hasan Al Attas wa Huraidha, na Sayyid Abdurrahman Al Mashhur, Mufti wa Tarim, mwenye kitabu cha Bughyatul Mustarshidin ambacho Mashafii wa pwani hawakiachi mpaka leo. Akakaa mbele yao kama mwanafunzi, akapewa ijaza. Na ijaza ni nasaba ya namna ya pili. Kwa nasaba ya damu mtu huwa fulani bin fulani pasipo kazi yake mwenyewe. Kwa nasaba ya elimu huwa mwanafunzi wa fulani, naye mwanafunzi wa fulani, mpaka kwa Imam Shafii, mpaka kwa Masahaba, mpaka kwa Mtume. Nasaba ya kwanza hukuta mtu amekwisha kupewa. Ya pili haiji ila kwa kukesha na kunyenyekea. Tangu hapo Sayyid Ahmad alikuwa na jibu ambalo halitegemei bandari aliyoshukia.

Aliporudi Unguja, Sayyid Barghash bin Said alimfanya Kadhi, na umri wake haujatimia miaka ishirini na mitano. Hili latosha kumpoteza kijana. Sultani yu katika nguvu zake, mji una taa na maji ya mifereji, jahazi zajaa bandarini, na kijana wa Ngazija amekaa mahali pa hukumu, wazee wakisimama mbele yake. Wengi waliovikwa vazi kama hilo hawakujua tena wapi limekwisha vazi na wapi umeanza mwili. Lakini mwaka 1885 alikiacha cheo akasafiri. Alikwenda Istanbul, mji wa Sultani wa Waturuki, akafikia kwa Sayyid Fadhl bin Alawi bin Sahl. Huyu naye alikuwa sharifu wa Hadhramaut aliyezaliwa Malabar katika Bara Hindi. Waingereza walimtoa nchini kwao mwaka 1852, akapata kuitawala Dhofar kwa muda, kisha akaishi kwa Sultani Abdulhamid kwa heshima kubwa. Kwa Sayyid Fadhl alisoma, na kwa Sultani akatunukiwa nishani. Kisha akapita Misri na Makka, akikutana na wanavyuoni, akitoa na kupokea.

Na hapa pana jambo la kuangaliwa. Alikuwa amekwisha kuwa mwana wa Ngazija, na mjukuu wa Hadhramaut, na Kadhi wa Unguja, na mgeni wa Khalifa wa Istanbul. Angaliweza kubaki katika lolote la hayo. Mtu anayejipima kwa ukubwa wa mahali hachagui kurudi penye padogo. Lakini mwaka 1888 alirudi Unguja, mwaka aliofariki Sayyid Barghash. Sayyid Khalifa bin Said akamrudisha katika ukadhi, naye akadumu humo mpaka kufa kwake. Aliyetoka na cheo bila ya kukililia ndiye aliyefaa kurudishiwa, kwa kuwa imekwisha kujulikana kuwa bila ya cheo hapungukiwi.

Masultani saba walipita naye yu Kadhi katika zama zao: Sayyid Barghash, Sayyid Khalifa bin Said, Sayyid Ali bin Said, Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sayyid Hamoud bin Muhammad, Sayyid Ali bin Hamoud, na Sayyid Khalifa bin Haroub. Na katika mwaka 1890 ikaingia himaya ya Kiingereza, mahakama zikafanyiwa kanuni mpya, na mamlaka ya makadhi yakapunguzwa kidogo kidogo. Watawala walikuwa Maibadhi, raia wengi Mashafii, na mabwana wapya Wakristo. Katika mchanganyiko huo Kadhi wa Kishafii aliwahudumia wote pasipo kuitupa madhehebu yake wala kuitukana ya mwenziwe. Asiyejijua huona kuwa hawezi kusimama ila kwa kumwangusha mwingine. Ajijuaye husimama tu.

Zama zake zilikuwa zama ambazo katika Unguja swali la mtu u nani lilipandwa na kuota kama muhogo. Mwaka 1897 ikatoka amri ya Sayyid Hamoud kuwa mtumwa atakaye uhuru aende mahakamani akaupate, na mwaka 1909 utumwa ukaondolewa kabisa katika sharia za nchi. Maelfu ya watu waliokuwa wakiitwa Mabruki na Feruzi na Farahani, majina waliyopewa na wengine, wakajipa majina wayapendayo. Wengine wakajinasibisha na mji, wengine na kabila la waliokuwa mabwana wao, wengine wakashika kabila la bara walikotoka wazee wao. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1924 wengi sana waliandikisha kuwa ni Waswahili. Katika ile ya mwaka 1931 karibu wote waliliacha jina hilo wakashika mengine. Watu ni wale wale, na mashamba ni yale yale, na majina yamegeuka.

Mahakama ya Kadhi ndipo mambo hayo yalipokuwa si mazungumzo ya barazani. Mtu alikufa, na mirathi yake yamngojea ajulikane alikuwa nani: ana asaba, au urithi wake wafuata walaa ya aliyemwacha huru? Binti anaposwa, na walii wake adai kuwa mchumba si kufu, kwa kuwa nasaba imehesabiwa katika kafaa ndani ya Minhaji ya Imam Nawawi. Kadhi wa Kishafii hawezi kuyapuuza haya. Ni haki za watu, na sharia imeyataja. Wala hawezi kuyageuza kuwa fakhari. Kwa kuwa sharia iliyotaja kafaa katika ndoa haikuitaja katika safu ya sala, wala katika ushahidi wa mwadilifu, wala katika elimu. Mlango ambao nasaba yaingia una kizingiti chake, na kazi ya mwanachuoni ni kujua kizingiti kiko wapi. Na hakuna afaaye kukilinda kama mtu ambaye mwenyewe ana nasaba tukufu na hakuifanya biashara.

Dalili ya kuwa hakuifanya biashara ni Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir. Huyu alizaliwa Lamu, rika moja na Sayyid Ahmad. Hakuwa sharifu, ukoo wake ni wa Kindi. Alikuja akawa mwanafunzi wake na rafiki yake, na Sayyid Ahmad akampeleka Hadhramaut mwaka 1897 kwa wale wale mashekhe waliomsomesha yeye, pasipo kumfichia mlango hata mmoja. Sheikh Abdallah akaiandika safari hiyo katika kitabu, na katika mji wa Unguja, mtaa wa Ukutani, akaweka madrasa ambayo wanavyuoni wengi wa Afrika ya Mashariki walitoka humo. Sharifu mwenye wivu wa ukoo wake angaliitunza hazina hiyo kwa wanawe na ndugu zake. Yeye aliona ya kuwa amana ya elimu haiulizi mtu ni wa mlango gani, ila huuliza anaweza kuibeba au hawezi.

Na vitabu vyake vyaonyesha hali hiyo hiyo. Mashuhuri yao ni Al Ibtihaji, ambacho alieleza ndani yake istilahi za Minhaji ya Imam Nawawi: neno gani laonyesha khitilafu ya mashekhe, neno gani laonyesha kauli mbili za Imam, lipi lenye nguvu na lipi dhaifu. Hakujitungia madhehebu wala hakutafuta jina jipya. Alikaa baada ya Nawawi, akaeleza maneno ya Nawawi, ili mwanafunzi asipotee. Aliandika pia sherehe juu ya beti za Imam Abdallah Al Haddad. Katika zama ambazo kila mtu alitaka kusikika sauti yake, mtu aliyetosheka kuifanya sauti yake kuwa daraja ya sauti za waliomtangulia ni mtu ambaye shaka ya nafsi yake imekwisha.

Alifariki mjini Unguja katika Mfungo Mosi wa mwaka 1343, mwezi wa Mei mwaka 1925. Sheikh Abdallah Bakathir alifariki mwaka huo huo. Kwa hivyo mwalimu na mwanafunzi, sharifu wa Ngazija na mwana wa Lamu, waliondoka pamoja, na mji ukalia msiba juu ya msiba. Mwanawe, Sayyid Umar, alirithi njia yake: naye alisoma Hadhramaut, akafanya biashara, akawa Kadhi wa Unguja, kisha baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 akauhama mji, akafariki Ngazija mwaka 1976. Safari iliyoanza Shibam ikarudi ilipopita, na hapana hata mmoja katika hao aliyelalamika kuwa hajui kwao ni wapi.

Na wako watu wa kusini ya Unguja, Kizimkazi na Makunduchi na vijiji vya jirani, wanaosimulia kuwa wazee wao walitoka Shirazi. Wako wengine wanaowacheka kwa neno hilo, na wako vijana wanaoona haya, na vijana wengine wanaolishika kama upanga. Kwa mizani ya maisha ya Sayyid Ahmad, kucheka ni makosa, na kuona haya ni makosa, na upanga ni makosa makubwa kuliko yote mawili. Habari ya wazee ni amana, hupokewa kwa adabu. Mwenye kuitia uwongo amewadhulumu wazee, na mwenye kuitumia kumdhalilisha jirani ameidhulumu nafsi yake. Lakini aliyeishika mihrabu ya wazee hao, akaswali humo, akajua fardhi zake na haki za watu wake, huyo amerithi kweli. Na asiyejua hata kutawadha, hata akihesabu mababu ishirini, amerithi majina matupu.

Sheikh Abu Imran aliamuru msikiti ujengwe, ukajengwa. Sayyid Ahmad aliwekwa mahali pa hukumu, akahukumu. Alipewa elimu, akaitoa. Alikuta nasaba tukufu, akaibeba kama mtu abebavyo deni. Mja hujua ni nani anapojua ni wa Nani, na anadaiwa nini, na nani wanamngoja alipe. Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu walioko makaburini, waliotajwa katika mawe na wasiotajwa, atupe kuzijua nafsi zetu kabla ya siku tutakayoulizwa habari zake, na atujaalie mwisho mwema. Amin.